Ulimi wa Djaanfar

Watu wa Andoany walisema ni halbadiri iliyompata mdogo wangu Djaanfar. Nisiwasingizie watu wa watu: wa kwanza kusema nilikuwa mimi. Halbadiri ilikuwa yangu, niliisomesha mwenyewe, na ulimi wa Djaanfar ulipoanza kuvimba nilisema alhamdulillahi, kumbe ni huyu. Nilisema hivyo juu ya mtoto niliyembeba mgongoni.

Nasimulia kwa Kiswahili kwa sababu sasa niko Unguja kwa binti yangu Oumi, na wajukuu wangu hawana lugha nyingine ya kunisikilizia. Kule kwetu Madagaska nyumbani tulisema Kingazija, sokoni Kimalagasi, na mbele ya karani Kifaransa cha kuokoteza. Kiswahili tulikisikia kwa wazee tu, vipande vipande, kwenye mambo ya dini na biashara. Kwa hiyo mkiona mtu humu anasema Kiswahili safi, jueni ni mimi namsemea.

Nianze Mahajanga. Disemba ya 1976 mji ulitugeukia sisi wenye asili ya Komoro. Tulisakwa nyumba kwa nyumba. Sina haja ya kuwachorea picha. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo amshukuru Mungu wake. Mume wangu Fazul, fundi cherehani, mwanamume ambaye hata kuku alimwomba jirani amchinjie, alifichwa na rafiki yangu Soazara, mwanamke wa Kisakalava wa mtaa wa Tsaramandroso. Alimweka kwenye stoo ya magunia nyuma ya nyumba yake. Tuliojua tulikuwa watatu tu: Soazara, mimi na Djaanfar.

Mimi iliniokoa sura. Bibi yetu mzaa mama alikuwa Msakalava, nami nimemfuata yeye. Nilivua shiromani yangu ya kichwani, nikasuka nywele kama wao, nikajifunga kitambaa kama wao, na njiani sikufungua mdomo lafudhi isije ikaniumbua. Mchana na jioni nikampelekea Fazul chakula, na wallahi nilijiona mjanja. Siku ya nne walimfuata. Hawakubisha hodi nyumba ya kwanza wala ya pili. Walikwenda moja kwa moja kwenye stoo, wakamtoa, na nyumba ya Soazara wakaitia moto.

Sasa niambieni, ninyi mngefikiri nini? Kuna mtu kasema. Soazara hawezi kuwa yeye, maana nyumba yake imeteketea na yeye mwenyewe alipigwa akavunjwa meno mawili. Djaanfar sikumfikiria hata kidogo wakati ule. Nilijiambia kuna wa nne, mtu aliyechungulia akaenda kuuza roho ya mume wangu.

Wenzetu walipakiwa kwenye ndege na meli wakarudishwa Komoro. Mimi sikutaka; Komoro sikuzaliwa, na ukoo wa mama ulikuwa kisiwani Nosy Be, mji wa Andoany. Nikamchukua Oumi wangu, wakati huo ana miaka minne, nikaenda. Djaanfar angeweza kupanda ndege. Alikuwa na miaka ishirini na minne, angeoa, angekuwa na watoto wake. Alibaki kwa ajili yangu, akapata kazi ya kuchochea moto kwenye kiwanda cha kukeneka mafuta ya maua ya langilangi, na kila jioni alirudi nyumbani ananukia maua na moshi.

Miezi miwili baada ya kufika nilikwenda kwa Mwalimu Boinali anisomee halbadiri. Kwa msiojua, halbadiri husomwa mtu anapodhulumiwa asimjue aliyemdhulumu. Hutajwa majina ya watu wa Badr, unafukizwa ubani, na mwenye dai anataja dai lake.

"Unaomba nini, Hayrat?" akaniuliza Mwalimu.

"Ulimi uliomtaja mume wangu," nikasema, "usimtoshe mwenyewe kinywani."

Mwalimu akaacha kupindua kurasa. "Omba haki, mwanangu. Usimchagulie Mungu adhabu."

"Wewe soma," nikamwambia.

Djaanfar alikuwa amekaa palepale, chetezo mbele yake, kazi yake ni kutia ubani. Alitia ubani mpaka mwisho, hakuinua macho. Tulipotoka alinishika mkono kunivusha mtaro. Nakumbuka kiganja chake kilikuwa na jasho.

Mjue kwanza alikuwa mtu wa namna gani. Mama alitufia mimi nina miaka kumi na mbili, yeye ana sita. Bibi mzaa baba, aliyebaki kutulea, alikuwa mzee, chakula chenyewe kilikuwa cha kubahatisha. Nikimwuliza, "Umekula?" aliitikia kwa kichwa, mara tatu, polepole, macho yamenikodolea. Basi mimi nakula kilichobaki. Baadaye nikigusa sahani yake naikuta kavu, haijaguswa na wali. Mtoto wa miaka sita! Nilimchapa kwa ajili ya uongo ule, lakini hakuuacha.

Mahajanga nilitoka na kitu kimoja tu cha nyumba yangu, kawa yangu ya harusi. Bibi ndiye aliyeisuka, ya zambarau na kijani, na nyota nane zimezunguka ukingo. Kwetu chakula hakipiti njiani wazi, ni aibu, na kila nyumba ina kawa yake. Sinia ikipita mtaani hakuna haja ya kuuliza inatoka kwa nani. Nilikuwa nimemfunikia Fazul kwa kawa ile tangu siku ya kwanza ya ndoa, na Nosy Be nikawa nawafunikia Djaanfar na Oumi.

Djaanfar hakuipenda. Mwaka wa 1979 nilimpelekea chakula kiwandani, nikageuka kidogo kusalimiana na wanawake wanaochambua maua. Niligeuka tena nikamkuta ameishika kawa mlangoni mwa tanuri, anataka kuitia motoni. Nilimrukia nikamzaba kibao mbele ya watu wazima wenzake.

"Kuukuu hii, dada," akasema, shavu limemwiva. "Nitakununulia mpya."

"Mpya atainunua Fazul?" nikamwambia.

Kawa ikarudi nyumbani, ukingo umeungua nyota moja.

Tulikaa hivyo miaka. Djaanfar alikuwa na sauti, na kwenye maulidi watu walitoka Andoany yote kuja kumsikiliza. Disemba ya 1983, katikati ya kusoma, akakwama. Herufi hazikutoka sawasawa, kama mtu aliyetia tende mdomoni. Watu wakadhani amechoka. Mwezi uliofuata niliona pembeni mwa ulimi wake alama za meno, zimejipanga mstari mzima. Mwezi wa pili yake ulimi ukawa unamzuia kufunga mdomo vizuri. Akaanza kukonda, mgongo ukimwuma hata kurukuu anashindwa, na akiinama au kukohoa macho yanazungukwa na weusi wa kuvilia damu, ungedhani kapigwa.

Mtu mwenye akili angempeleka kwa daktari. Mimi nilikaa jikoni nikahesabu. Waliojua ni watatu. Ulimi ni huu hapa. Nimeuomba mwenyewe, kwa maneno yaleyale, na Mungu kanijibu neno kwa neno. Hata kawa ikaingia kwenye hesabu: kumbe ndiyo maana alitaka kuichoma, kila akiiona anamwona Fazul! Kila kitu kilikaa mahali pake, na mimi nikaona nimefunuliwa.

Nilikwenda kusema kisimani. Laiti ningekatwa ulimi mimi. Siku ya tatu hakuna mtu aliyempa Djaanfar mkono msikitini. Mafundi wenzake kiwandani wakatenga kikombe chake. Ramadhani ile alifuturu peke yake barazani, matonge anayasukuma kwa kidole kwa sababu ulimi umejaa.

Mwalimu Boinali akaja nyumbani, mzee wa watu, na fimbo yake. "Hayrat, nenda ukaitengue. Nitakusomea bure, leo hii. Mwache ndugu yako apumue."

"Akiri kwanza," nikasema.

Djaanfar alikuwa amelala kwenye mkeka chumba cha pili, mlango uko wazi, anasikia. Nikaingia. Nikachuchumaa mbele yake. Kusema alikuwa bado anaweza kwa shida, maneno yanatoka mazito, mate yanamchuruzika. Nikamwuliza, "Ni wewe uliyewaambia alipo Fazul?"

Akanitazama sana. Akafungua mdomo, nikaona anataka kusema jambo, kisha akaufunga kadiri ulivyofungika. Akaitikia kwa kichwa. Mara tatu, polepole.

Na mimi, mimi niliyekilea kichwa kile, sikuukumbuka mwitikio ule. Hasira haina kumbukumbu. Nilitoka nikamwambia Mwalimu, "Umeona? Basi nenda zako, sitengui kitu." Nilikuwa nimesema akiri kwanza ndipo niitengue. Alipokiri nikamchukia maradufu.

Agosti alivunjika mkono wa kulia. Alikuwa anainua birika la chai, birika tu, tukasikia mfupa unalia. Muuguzi wa zahanati, mwanamke mkali kunishinda mimi, alimgusa kichwa, akamfunua macho, akatazama mkojo wake uliokuwa unatoa povu kama la sabuni, kisha akanigeukia. "Mama, huyu mna naye nyumbani tangu lini katika hali hii?" Nikamwambia habari ya halbadiri. Akaandika barua ya hospitali ya Mahajanga, akainyoosha kwangu kama anayenipiga nayo.

Nitasema kweli, maana nimeshazeeka na aibu zimeniisha. Sikumpeleka kwa huruma. Nilimpeleka asije akanifia nyumbani kwangu. Oumi nikamwacha kwa shangazi, tukavuka kwa pantoni mpaka bandari ya Antsahampano, ng'ambo, kisha siku tatu juu ya lori la kahawa, barabara mashimo matupu. Kila likiruka, Djaanfar anashika mgongo kwa mkono wa kushoto na hapigi kelele. Chakula chake cha njiani, uji, nilikuwa nimekibeba kwenye bakuli, na juu yake kawa. Adabu zangu sikuziacha hata nilipouacha utu.

Hospitali walimtia sindano nene kwenye mfupa wa kifua. Siku ya nne daktari akaniita. Kijana, Mmalagasi wa bara, akisema Kifaransa cha kidaktari na muuguzi akinigeuzia.

"Ni saratani ya damu," akasema. "Imeanzia ndani ya mifupa, kwenye uboho, damu inakotengenezwa. Ndiyo maana mifupa inavunjika. Chembe zilizoharibika zinatoa kitu kinachoganda mwilini. Kimeingia kwenye figo, na nadhani kwenye moyo. Kwake yeye kimejaa pia kwenye ulimi. Ulimi si kawaida. Mimi nilikuwa nimesoma tu, sijapata kumwona mgonjwa wa hivi."

"Kwa nini ulimi?" nikamwuliza. "Kwa nini ulimi, daktari, na si sikio?"

"Hatujui. Wengine huwaingia moyoni, wengine matumboni."

"Hakuna neno alilolisema likasababisha?"

Muuguzi akasita kulitafsiri. Daktari aliposikia hakucheka, na namshukuru kwa hilo. "Hakuna neno linalofanya hivi, mama. Tangu lini ulimi umeanza?"

"Miezi minane."

Akakuna paji la uso. Vidonge vipo, akasema, vinaagizwa Antananarivo, na mtu akivianza mapema huenda akapata mwaka, pengine miwili. Sasa figo zimeshakufa. Akasema zimebaki siku, si wiki.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nikajiambia, haya, ulimi ni ugonjwa. Lakini amekiri! Ugonjwa haumfanyi mtu akiri. Nikainuka nikaenda Tsaramandroso, nilikuwa sijatia mguu pale tangu siku ile. Nilikwenda nikamwambie Soazara kwamba msaliti wetu amepatikana, tulie pamoja, labda roho yangu itatulia.

Soazara alikuwa amejenga upya palepale, bati badala ya makuti. Tukalia kwanza. Nikamwambia yote, halbadiri, ulimi, na kukiri. Alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Djaanfar amesema ni yeye?"

"Ameitikia. Mbele yangu."

"Ya Mungu wangu," akasema Soazara, na akawa haniangalii mimi, anaangalia mapajani mwangu. Nilikuwa nimekuja na bakuli langu, la uji wa mgonjwa, na juu yake kawa. "Bado unayo hiyo?"

"Ni ya harusi yangu."

"Hayrat, hakuna ulimi uliosema. Ni hiyo." Aliinyoshea kidole, hakuigusa. "Ulivaa kama sisi, ukasuka kama sisi, halafu ukapita mtaa mzima na hiyo kichwani mwa chakula, mara mbili kwa siku. Nyumba gani ya Kimalagasi inafunika chakula kwa kawa? Mchana wa siku ile nilikuwa bombani, nikasikia wanawake wanasema, zile nyota nane si za mke wa fundi cherehani? Mbona zinaingia kwa Soazara? Na wanaume wamesimama pale wanasikia. Nilitupa ndoo nikakimbia. Nilipofika walikuwa wameshafika."

Nilisikia kila neno. Niliwaza upuuzi, kwamba mchele ule una mawe mengi.

"Djaanfar alikuja jioni, majivu bado ya moto," akasema Soazara. "Nilimwambia yeye kwanza, kwa kuwa nilidhani ndiye atakayejua namna ya kukuambia. Alinipigia magoti. Aliniapisha kwa makaburi ya wazee wangu nisikwambie kamwe. Alisema, dada akijua atakufa. Nimekaa na kiapo hicho miaka saba na nusu. Leo nimekivunja, wazee wangu wanisamehe. Siwezi kumwacha aende kaburini na jambo lako shingoni mwake."

Nilirudi hospitali kwa miguu. Bakuli sijui niliacha wapi; kawa niliisahau kwa Soazara. Njia nzima naona mambo yaleyale yanageuka upande wa pili: kiganja chenye jasho baada ya halbadiri, maana alijua ninamwapiza nani. Alikaa pale anatia ubani huku dada yake anajiombea laana mwenyewe bila kujua. Alitaka kuichoma kawa nisiione kila siku, nikamzaba kibao. Nilipomwuliza, ni wewe, alikuwa na jibu la kweli mdomoni, neno moja tu, na bado alikuwa na nafasi ya kulitamka. Akalimeza.

Nilimkuta amelala kiubavu. Ulimi ulikuwa umetoka nje ya midomo, mkavu, umepasuka, na wauguzi wameuwekea kitambaa cha maji. Kusema kulikuwa kumekwisha tangu juzi yake. Mkono wa kulia, wa kuandikia, uko kwenye plasta. Macho yalikuwa yake.

Nikapiga magoti kwenye sakafu ile. "Djaanfar, nimetoka kwa Soazara."

Akafumba macho. Chozi likatoka likaingia sikioni.

"Nimemwua Fazul mimi," nikasema. "Na wewe nimekuua mimi. Nimekunyima daktari miezi minane, nimekunyima mikono ya watu, nimekutangaza kisimani. Ungesema! Kwa nini hukusema, mwana wewe? Ningekufa, ningekufa basi! Nani alikutuma unibebee?"

Nililia mpaka muuguzi akaja akatazama akaenda zake. Nilimloweshea kitambaa, nikamrudishia. Kisha nikauliza lile nililokuja nalo, maana mtu akifa na kinyongo na wewe, wewe huna pa kwenda duniani wala akhera. Nilihitaji neno moja kutoka kwenye kinywa chake, na kinywa chake hakikuwa na nafasi ya neno.

"Umenisamehe?"

Akafungua macho akanitazama. Akaitikia kwa kichwa. Mara tatu, polepole.

Niliujua sasa mwitikio ule. Nilikiona kichwa cha mtoto wa miaka sita, na sahani kavu isiyoguswa na wali.

"Usinidanganye," nikamwambia. "Nakuomba, Djaanfar. Kama hujanisamehe niambie kweli, nitastahimili. Usinidanganye mara hii."

Akaitikia tena, vilevile.

Alifariki kesho yake adhuhuri. Shahada niliitamka mimi sikioni mwake, yeye hakuweza, akainua kidole cha mkono wa kushoto. Tulimzika Mahajanga, safu moja na wale wa Disemba, na kawa niliiacha kwa Soazara aitie motoni. Hapa Unguja kawa siitaki, Oumi hunifunikia chakula kwa sahani, na wajukuu wanadhani ni ukaidi wa kizee.

Kidole kile nilikiamini. Kichwa, mpaka leo sijui.